Chujio na Koo la Mzee Mosoti

Siku ya kuniaga mlinipa dakika chache za kuongea, na mchungaji akazila nusu kwa maombi. Nilisema asante, nikaketi, nikala wali. Sasa niko nyumbani huku Bomet, mimi na ng'ombe wangu, na nafasi ya kusema ninayo. Sitawaeleza vile nilipanda cheo; vyeo vilikuja kama mvua ya Kericho, baada ya chakula cha mchana na bila mtu kuomba. Nitawaeleza kazi moja tuliyoifanya katikati ya miaka ya tisini. Nikiikumbuka hadi leo nacheka peke yangu mpaka ng'ombe wanageuka kunitazama.

Niliajiriwa kama mpiga chapa. Chama chetu kilisimamia viwanda kadhaa vya chai ya wakulima wadogo, kuanzia huku kwetu hadi upande wa Kipkelion, na idara ya kompyuta ilikuwa chumba kimoja mjini Kericho, nyuma ya stoo ya magunia. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino kirefu, maana niliambiwa naenda kufanya kazi na kompyuta na nikadhani kompyuta huheshimu viatu. Mzee Mosoti, mkuu wa programu, alinipokea mlangoni. Aliangalia uso wangu, akaangalia viatu, akasema, "Karibu, Madam Rael. Lakini hii sakafu ni ya stoo. Ukianguka, tafadhali usishike mashine yangu."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Baba yake alitoka Kisii kuja kuchuma chai kwa mashamba makubwa, na Mzee Mosoti alizaliwa na kukulia hapo hapo kwa nyumba za wafanyakazi. Alikuwa akinisalimia "Chamgei" kwa Kipsigis safi kuliko cha binamu zangu waliosomea Nairobi. Alinifundisha kwamba kila diski iwe na pacha wake, na pacha wasilale kabati moja. Alinifundisha kuhifadhi kazi mara ngurumo ya kwanza inaposikika, kwa sababu ngurumo ya pili huja na mvua ya mawe na ya tatu hukuta stima imeshaenda. Ninyi wa siku hizi mna betri kila mahali, hamwezi kujua furaha ya kuhifadhi kitu kabla ya giza.

Yeye ndiye aliyeandika Mizani. Mizani ilikuwa programu iliyopokea uzito wa majani kutoka kila kituo cha kununulia, ikajumlisha kilo za kila mkulima mwisho wa mwezi. Na kwa sababu programu ni maagizo yaliyoandikwa na mtu, na mtu hukosea, Mzee Mosoti alikuwa ameanzisha desturi yake. Kila Alhamisi tulichapa kurasa za programu kwa ile karatasi ndefu yenye vitobo pembeni, tukakaa mezani sote, birika la chai katikati, yeye akasoma mstari kwa mstari kwa sauti na sisi tukatafuta makosa. Tulianza asubuhi, tukamaliza jua likiwa limeegemea upande wa pili. Mzee alisoma maagizo ya kompyuta kama mtu anayesoma Zaburi. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yake ya furaha, na kusema kweli, yetu pia.

Halafu akaja meneja mpya, Bwana Kimeli. Msitarajie niseme alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka tu, aliyekuwa akisimama hata akipewa kiti. Alhamisi yake ya kwanza alichungulia mlangoni, akatuona tumezunguka birika.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Tunasoma programu," Mzee Mosoti akamjibu.

"Siku nzima? Si mashine iko? Iendesheni muone kama itakosea, basi. Mimi naona watu wanakunywa chai."

"Kuna makosa mashine haiwezi kukuonyesha, Bwana Kimeli. Nina maandishi ya wataalamu wanasema hivyo. Nitakuletea manne, matano."

Bwana Kimeli alifikiri kidogo. Nampa heshima yake kwa jibu alilotoa, maana ndilo lililotufunza kazi. "Hapana. Ukiniletea matano utaniletea yale unapenda. Leta yote yameandikwa juu ya hiyo maneno. Hata yale yanasema mko makosa. Mvua ndefu ikiisha nataka kuona. Kama hoja yenu haijasimama, Alhamisi tunafunga."

Alipoondoka hakuna aliyegusa kikombe. Mzee Mosoti alikunja karatasi zake polepole. Wiki hiyo alianza kuongea habari ya shamba lake la ndizi na miaka aliyobakisha, na nikaogopa sana, kwa sababu mtu wa kompyuta akianza kuongea habari ya ndizi ameshaanza kuondoka. Alhamisi ikifa, tulijua, tungempoteza.

Basi tukaanza. Kabla ya kutafuta karatasi hata moja, Mzee aliandika swali kwa kalamu nene, akalibandika ukutani: ni njia gani hufichua makosa mengi ya programu, kusomwa na watu au kuendeshwa kwa mashine, na ikisomwa, isomwe vipi? Chini yake tukaandika masharti. Ripoti iingie ikiwa mwandishi wake alipima kitu na kueleza alivyopima; isiyopima ibaki nje, hata kama Kiingereza chake kinapendeza. Mkulima yeyote wa kwetu anaelewa hiyo. Karani wa kituo hutangaza sharti la majani mawili na chipukizi kabla gunia halijafunguliwa, si baada ya kuona ni gunia la shemeji.

Nilipanda basi hadi Nairobi, kwa maktaba ya chuo kikuu iliyokuwa na orodha za majarida ndani ya diski zile zinazong'aa. Nilitafuta neno la ukaguzi, nikaletewa ukaguzi wa nyama, ukaguzi wa shule na ukaguzi wa boila za mvuke. Nilirudia na maneno mengine hadi msimamizi wa maktaba akaniuliza kama nimehamia. Ripoti nilizokosa pale tuliwaandikia waandishi wenyewe huko ng'ambo, na polepole bahasha za kahawia zikaanza kujaa kwa sanduku letu la posta, hadi karani wa posta akawa anauliza nasomea nini.

Karatasi zilipokuwa nyingi kuliko meza, niliona tutapotea. Ndipo nikatengeneza programu yangu ya kwanza. Niliijenga juu ya ile tuliyoitumia kuweka majina ya wakulima, nikaiita Chujio. Kila ripoti ilipewa namba yake, mwandishi, mwaka na muhtasari. Kama utafiti mmoja ulichapishwa mara mbili kwa vichwa viwili, Chujio ilizifunga ripoti hizo pamoja zihesabiwe moja, kwa sababu mtu akibadilisha koti hajawa watu wawili. Wasomaji walikuwa wawili, kila mmoja na neno lake la siri. Kila mmoja angeandika ndani au nje, na akiandika nje, Chujio ilikataa kusonga mpaka aseme sababu. Na jibu la mmoja halikuonekana na mwenzake mpaka wote wawili wawe wamejibu. Hapo ndipo nilijivunia zaidi. Nilijua ofisi yetu. Mkubwa akishasema, wadogo huitikia amina.

Msomaji wa kwanza alikuwa Mzee Mosoti. Wa pili alikuwa Langat, mwanaprogramu aliyetoka chuo kikuu na kwao ni Kabianga. Langat alikuwa na akili kali na sauti ya chini. Ukimpa salamu alishukuru, ukimpa lawama alishukuru. Asubuhi walikaa mezani wakikabiliana, kila mmoja na nakala yake, wakisoma kwa mpangilio wa namba, na kila mmoja akiandika jibu lake kwa kikaratasi. Kabla mawingu hayajafika, kila mmoja alikuja kwa mashine kuingiza yake huku mwenzake akiwa nje.

Matokeo yalinifurahisha mpaka nikaanza kuimba kazini. Walikubaliana karibu kila mahali. Nilimwambia Mzee, "Nyinyi wawili mna kichwa kimoja." Naye akasema Langat ana mafunzo mazuri. Langat akashukuru.

Ikaja wiki ya baridi, ile ukungu unashinda juu ya majani ya chai hadi saa nne, na Mzee Mosoti akapata mafua. Alikataa kukaa nyumbani. Alisoma asubuhi yote amejifunga skafu ya mke wake, akikohoa kama trekta inayokataa kuwaka. Walipomaliza kuingiza majibu nilifungua Chujio. Mzee alikuwa ameingiza ndani ripoti nyingi tu. Langat alikuwa ameitupa nje kila moja, na sababu yake ilikuwa ile ile kwa zote: haifai.

Nilimwita. "Langat, hizi zote zimekukosea nini?"

Alitazama sakafu. "Madam, si Mzee alikuwa anakohoa?"

Sikumwelewa. Akanieleza pole pole, kwa aibu kubwa. Mzee Mosoti akisoma kitu kizuri huguna "mmh" ya kupanda juu. Akisoma kitu kibaya husafisha koo. Sote tulijua hivyo, tulikuwa tumekaa naye Alhamisi nyingi. "Sikuangalia jibu lake hata siku moja," Langat alisema. "Nilisikia tu. Na kwetu mzee akishakohoa, wewe mtoto unaongeza nini tena?"

Kwa hivyo Chujio ilikuwa imeficha majibu vizuri sana, ila haikuweza kuficha koo. Ile kazi yote tuliyokuwa tukiisifu ilikuwa imefanywa na msomaji mmoja mwenye masikio manne.

Mzee Mosoti alikuwa amesimama mlangoni na amesikia yote. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akashika ukuta, kicheko kikageuka kikohozi, na Langat, Mungu amsaidie, akapapasa mfukoni kutafuta kalamu. Hapo hata mimi nilishindwa kusimama.

"Tunarudia," Mzee alisema alipopata pumzi. "Kutoka namba moja. Na huyu apelekwe mahali hatanisikia."

Langat tulimpeleka stoo, akakaa juu ya magunia, ukuta mzima kati yake na lile koo. Mwanzo alitoka kila mara kuuliza kama anaendelea vizuri, nami nikamfukuza kila mara. Baadaye akaacha kutoka. Siku nyingine nilimpitishia kikombe cha mursik, maziwa yetu ya mgando, nikamkuta anabishana na ripoti kwa sauti, mtu ambaye ofisini hakuwa amewahi kumbishia hata mlinzi.

Mara hii walitofautiana, tena sana. Chujio ilinitolea orodha ndefu ajabu ya ugomvi na mimi nikafurahi kuliko nilipokuwa naimba, kwa sababu sasa nilikuwa na watu wawili. Namna ya kumaliza ugomvi tuliichukua nyumbani. Kwetu jambo likishindikana, watu wa mtaa hukaa kokwet, kila mtu akasema lake, na hawainuki mpaka wakubaliane. Tukafanya kokwet yetu, wao wawili na mimi wa tatu, ripoti moja baada ya nyingine. Nyingi zilimalizika haraka. Moja tu ndiyo niliyoiogopa kabla hatujaanza.

Ilikuwa makala ambayo Mzee Mosoti aliitunza kwa droo yake miaka mingi, kingo zake zimekuwa laini kama kitambaa. Mwandishi alisifu watu kukaa meza moja na kusoma programu kwa sauti. Ndiyo makala iliyozaa Alhamisi. Mzee alikuwa ameandika ndani. Langat, huko kwa magunia, alikuwa ameandika nje, na sababu yake: hajapima kitu.

Niliisoma sababu hiyo kwa sauti, macho yangu kwa karatasi. Nilidhani Langat atarudi nyuma. Hakurudi.

"Mzee, huyu mtu anaongea vizuri sana," alisema. "Lakini hajapima. Anasema tu watu wake walifurahia."

"Kufurahia si kitu?"

"Ni kitu, Mzee. Lakini si ile tuliuliza." Akaonyesha ukutani.

Mzee aligeuka akasoma lile swali kama lililoandikwa na mtu mwingine. "Hiyo hati ni ya nani?"

"Ni yako."

Alikaa amelaza kiganja juu ya ile makala. Nilimhurumia sana, na nilimwonea Langat fahari kubwa, na sikujua nianze na lipi. Mwishowe Mzee aliisukuma kuelekea kwangu. "Toa," alisema. "Andika sababu yake, nami nimekubali."

Mvua zilipopungua tulikuwa na jibu, kwa kadiri ya zile ripoti zilizobaki kwa Chujio. Kusoma programu kulifaa. Kulikamata makosa ambayo mashine ilipita nayo. Hapo tulipiga makofi. Lakini sehemu ya pili ya swali ilijibiwa pia: makosa mengi yalionwa na mtu akisoma peke yake, kabla ya kikao. Kile kikao kirefu cha pamoja kiliongeza kidogo tu. Yaani kusoma kulishinda, na meza ya Mzee Mosoti, pamoja na sauti yake na birika lake, ikaanguka.

Nilimwambia nitapeleka majibu kwa meneja mimi. Alikataa. Alivaa tai, akaenda mwenyewe, mimi na Langat nyuma yake, akamweleza Bwana Kimeli yote bila kuruka sehemu iliyomchoma.

"Kwa hivyo nilikuwa sawa," Bwana Kimeli alisema.

"Nusu. Na mimi nusu. Ungeniacha nikuletee yale matano ningekuwa sawa kabisa, na ningekuwa nimekudanganya."

Bwana Kimeli alifungua ripoti yetu akasoma hapo hapo amesimama, halafu, jambo ambalo hatukuwa tumeliona, akaketi. Aliuliza maswali mengi, na la mwisho lilikuwa kama viwanda vingine vinaweza kupewa Chujio. Alhamisi ikabaki. Asubuhi kila mtu asome peke yake mahali pake, mchana tukutane kwa muda mfupi. Mzee Mosoti aliomba kuongeza sharti moja lake mwenyewe: mezani mdogo aanze kusema, mkubwa amalize, na mkubwa asigune.

Alhamisi ya kwanza ya mtindo huo Mzee alitoa kurasa zake mwenyewe, zile za moyo wa Mizani, ambazo tulishazisoma pamoja miaka na miaka. Tulitawanyika. Langat alirudi kwa magunia yake bila kutumwa. Mchana tulikusanyika, nikamimina chai, na kwa mujibu wa sharti Langat akaanza.

"Iko kitu hapa, Mzee," alisema, kidole juu ya mstari. "Lori likikwama kwa matope siku ya mwisho ya mwezi, likifika kiwandani baada ya saa sita usiku, hii mistari inatupa hayo majani kwa mwezi mpya, na yalipimwa mwezi wa zamani."

Wakulima wa upande wa Kipkelion walikuwa wamelalamika juu ya hilo muda mrefu. Ofisi iliwajibu kila mara kwamba ni matope, na kwa kweli matope yalikuwepo. Mzee alivuta karatasi karibu, akafuata mistari kwa kucha, akarudia. Alikuwa ameisoma mistari hiyo kwa sauti mbele yetu mara nyingi kuliko Baba Yetu.

"Umeiona leo?" aliuliza.

Langat alisita. "Hapana. Niliona kitambo. Mwaka jana."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa unasoma, Mzee."

Mzee Mosoti aliinuka. Alichukua birika mbele yangu, akazunguka meza, na yeye, mkubwa wetu sote, akammiminia Langat chai mpaka kikombe kikajaa. Langat alisimama kuipokea kwa mikono miwili.

"Kaa chini, kunywa," Mzee alimwambia. "Halafu unionyeshe zingine."